Funda la Maji

Mimi ni msusi, na mtaa mzima wananiita Redio. Jina lenyewe halinikeri. Redio haimlazimishi mtu. Aliyeichoka anaizima, au anatoka nje akapunge upepo. Shida ni kwamba mimi sina kitufe cha kuzimia, na aliyenichoka alikuwa mdogo wangu wa mwisho, ambaye tunakaa naye nyumba moja.

Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mletee geti lililokatika vipande vinne, atakurudishia geti moja na hutajua lilikatikia wapi. Lakini kwa miaka sita pombe ilimchezea mpaka akawa hashiki hata kijiko bila kumwaga. Mwaka huu alikubali kwenda kwenye kituo cha matibabu, akakaa miezi mitatu, akarudi amekonda, mpole, na macho meupe kama alivyokuwa nayo tukiwa wadogo. Nikampa chumba cha nyuma. Nikaapa kwamba maadamu ninavuta pumzi, huyu hatarudi kwenye chupa.

Nilimlinda kwa silaha niliyonayo, yaani mdomo. Asubuhi nilimpa methali akinywa chai, mchana nilimtumia ujumbe kwenye simu, na saa kumi na moja jioni nilimsubiri mlangoni. Akifika nilimwambia, "Haa." Naye alifungua kinywa akapumua, mimi nikanusa. Nikiwa sina hakika, alipumua tena. Ndipo aliposogezewa chai.

Miezi miwili tukaenda hivyo. Jumapili moja, bila hata kuinua uso kwenye sahani, akasema, "Dada, Jumamosi nahama."

"Unahamia wapi?"

"Kwa yule jamaa tuliyefanya naye kazi."

Namfahamu jamaa huyo. Chumba chake kimepakana ukuta na baa. Ukikohoa wanadhani umeagiza. Nikamuuliza mdogo wangu kama ana wazimu. Akasema, "Kule kuna muziki mchana kutwa. Lakini muziki hauniulizi kitu." Akaosha sahani yake, akaingia chumbani. Nikasimama nje ya mlango wake nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa, nikalisema mara tatu ili lipenye mbao.

Nilikuwa na siku sita. Akienda kule, ilikuwa ni suala la wiki, na mara hii nisingekuwa na nguvu ya kumwokota tena. Nililia jikoni huku nimefungulia bomba, asinisikie.

Ndipo kinyozi wa dirisha la pili kutoka saluni yangu akaja na habari kwamba ofisi ya mtaa imeandaa mafunzo ya siku mbili, kuhusu afya ya akili na uraibu. Hawakuwaita madaktari. Waliwaita vinyozi, wasusi, mafundi viatu na wauza dawa, kwa sababu, kinyozi alisema kwa majivuno, "Wamegundua watu hawapeleki mawazo yao hospitali. Wanakuja nayo kunyoa." Nikaona Mungu kanikumbuka. Mimi nilichohitaji ni maneno. Yangu nilijua ni mazuri, ila labda hayakuwa na nguvu ya kutosha, na huko wangenipa makali zaidi.

Jumatatu nikafunga saluni, nikaenda ukumbini na daftari jipya. Kwenye ukurasa wa kwanza nikaandika kichwa cha habari: MANENO YA KUMWAMBIA. Nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Mwezeshaji alikuwa binti mdogo mwenye sauti ndogo kuliko umri wake, na alituomba tusimwite mwalimu. Alibandika karatasi kubwa ukutani, akafungua kalamu, akaandika: Usishauri. Chini yake akaandika: Usihoji. Kisha: Usihukumu. Kisha, kana kwamba alikuwa ameshaingia saluni kwangu: Usisimulie ya kwako.

Nikanyoosha mkono. "Sasa tuseme nini?"

"Kwa dakika kumi, msiseme kitu," akajibu. "Mtu akisikilizwa kweli kwa dakika kumi, mara nyingi anafika mwenyewe mahali ambapo nyinyi mngetumia mwaka kumsukuma."

Nikatazama daftari langu. Hadi chakula cha mchana ukurasa ulikuwa na kile kichwa cha habari tu.

Alasiri akatugawa wawili wawili tufanye mazoezi. Mmoja anaongea, mwenzake anasikiliza, simu inapiga kengele baada ya dakika kumi. Mimi nilipangwa na fundi viatu, mzee mwenye ndevu zilizochangamana na gundi. Akaanza, "Mimi na mke wangu hatusemezani tangu mvua za mwanzo."

"Zinyoe kwanza hizo ndevu," nikamwambia, "halafu ukamwombe radhi."

Mwezeshaji alikuwa amesimama nyuma yangu. Sekunde arobaini, akasema, na akaandika. Mara ya pili nilijikaza. Nilifika dakika moja na nusu bila neno hata moja, nikasonya tu mahali ambapo mtu yeyote mwenye akili angesonya. Akaniambia kwa upole kwamba kusonya nako ni ushauri.

Kilichoniuma zaidi ni kinyozi. Yeye alipangwa na mama wa duka la dawa. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akafumba macho nusu, akashusha pumzi taratibu, na dakika kumi nzima hakutikisika. Mama wa watu alimwaga yote aliyokuwa nayo, akafuta machozi, akasimama kutuambia kwamba tangu azaliwe hajawahi kusikilizwa namna ile. Ukumbi ukapiga makofi. Yale makofi ndiyo yaliyomwamsha kinyozi. Nilimwona akishtuka na kufuta mate pembeni mwa mdomo, halafu akatikisa kichwa kwa unyenyekevu.

Siku ya pili, wakati wa chai, nilikaa peke yangu na uchungu wangu. Nilikuwa nimepiga funda la maji kutoka kwenye kikombe, na kabla sijameza kinyozi akapita akisema kitu cha kijinga kuhusu kipaji. Nilitaka kumjibu nikashindwa, kwa sababu kinywa kilikuwa kimejaa. Hapo hapo akili ikanifunguka. Kinywa ni jumba la maneno, marehemu mama alipenda kusema. Basi jumba likijaa maji, maneno yatakaa wapi?

Zamu ya tatu nikaingia na funda langu. Fundi viatu alinitazama mashavu yalivyovimba, akasita, kisha akaanza tena ile habari ya mkewe, na safari hii akaimaliza. Kumbe hawakugombana kabisa. Mtoto wao alifariki kipindi kile cha mvua, na kila mmoja alikuwa akimsubiri mwenzake ataje jina la mtoto kwanza. Mimi nilikuwa nimemwambia anyoe ndevu.

Kengele ilipolia nilimeza, nikamshika mkono. Mwezeshaji akasema hajawahi kuona mbinu ya namna hiyo, akaiandika kwenye kitabu chake, sijui kwa wema au kwa ubaya.

Tulipewa kazi ya nyumbani. Kila mmoja amsikilize ndugu yake mmoja kwa dakika kumi, kisha ndugu huyo ajaze fomu. Fomu ilikuwa na swali moja, "Je, ulisikilizwa?", na visanduku vya kuweka alama: Ndiyo, Kidogo, Hapana. Chini yake kulikuwa na mstari wa maoni. Ijumaa tuzirudishe, tupewe vyeti.

Jumatano nilifanya mazoezi kwa wateja. Mjue kwamba nimezoea kuongea nikiwa na vibanio vitatu kati ya meno, kwa hiyo vibanio havinizuii chochote. Maji tu ndiyo yaliyonishinda. Nikaweka kikombe kando ya kioo, kila mteja akikaa napiga funda, nasuka. Wote walinipa pole ya jino. Na kwa kuwa mwenye jino haongei, waliongea wao. Mteja wangu mmoja niliyemsuka kwa miaka kumi na miwili, ambaye ningeweza kuapa namjua kuliko mumewe anavyomjua, akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba ule mtindo ninaomsuka hajawahi kuupenda. Miaka kumi na miwili nimekuwa nikimshauri ule mtindo. Nikameza, nikapiga funda jingine, nikaanza kufumua.

Alhamisi umeme ukakatika. Mdogo wangu alikuwa amekuja saluni na mashine ya kuchomelea, kwa sababu mguu wa kiti changu kikubwa ulikuwa na ufa, na aliahidi kuutengeneza kabla hajahama. Bila umeme hakuwa na la kufanya, na mimi sikuwa na wateja. Akakaa kwenye kile kiti chenye ufa, akakizungusha taratibu, kushoto na kulia. Nikaona nikichelewa hapa, basi tena. Nikatoa fomu kwenye droo.

"Nisaidie kitu," nikasema. "Uongee dakika kumi. Mimi nisikilize, nisiseme kitu."

Alicheka mpaka kiti kikalia. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu arudi, na ingawa alinicheka mimi, nilifurahi.

"Wewe, Dada? Dakika kumi?"

"Kumi."

"Ukiweza," akasema, akapangusa macho, "nitafikiria upya habari ya Jumamosi. Ukishindwa, naondoka na hutanisindikiza kwa maneno. Hata kwaheri nataka ya mkono."

Nikakubali. Nikaweka kengele kwenye simu, nikaiegemeza kwenye kioo tuione wote, nikapiga funda kubwa la maji, nikakaa kwenye benchi la wateja mkabala naye. Alitazama mashavu yangu akaanza tena kucheka. Mimi nikakaza macho.

Mwanzoni alinichokoza. Alisema chai yangu ina sukari ya kutosha kugandisha saruji. Alisema yule mchumba niliyemkataa zamani kwa sababu ana masikio makubwa, sasa ana gari. Yote hayo nilikuwa na majibu yake, mazuri, na yaliniuma kuyazuia, lakini maji yalikaa.

Kisha akainama, akawa anakwaruza ule ufa wa mguu wa kiti kwa ukucha.

"Jumanne ya wiki iliyopita," akasema, "nilikwenda baa."

Mbele za Mungu, lile funda ndilo lililotuokoa. Mwili wangu wote ulisimama isipokuwa miguu. Maji yalipanda puani, macho yakanitoka, na neno "unaona" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini hakuna mtu anayeweza kusema "unaona" bila kufungua mdomo, na ningefungua ningemwogesha.

"Niliagiza soda," akaendelea. "Nikakaa saa nzima. Ile ya machungwa. Wale jamaa waliniona, wakanisalimia, wakaendelea na mambo yao. Hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi. Hakuna aliyeninusa. Nikasikia raha, Dada. Na hiyo raha ndiyo iliyonitisha, maana nilijua imekaa mahali pabaya."

Simu ilionyesha dakika ya nne. Yeye hakuwa akiitazama.

"Siku hizi nikitoka kazini nazunguka soko mara mbili kabla ya kuja nyumbani. Sina ninachonunua. Najiandaa tu kwa ule mlango. Unasema 'haa', napumua. Sawa, nakubali, nimekupa sababu ya kunusa. Lakini sijui kama unajua ukikuta hakuna kitu unafanyaje." Akaniangalia usoni. "Hufurahi. Unanusa tena. Siku sitini na moja nimepumua hakuna kitu, na siku zote sitini na moja umenusa tena. Naona kama kuna kitu unakitafuta na mimi nimekunyima."

Sikupanga kumeza. Koo lilijifanyia lenyewe, na maji yalishuka yakiniuma kama nimemeza kibanio.

Kwa hiyo nikabaki na kinywa kitupu, na dakika tano mbele yangu. Maneno yote yalikuja kupanga foleni. Lilikuja lile la usiku niliomtoa mtaroni. Likaja la mama, alivyokufa akiwa amenishika mkono na kuniambia nimtazame mtoto. Likaja la jinsi ninavyoogopa, kwamba nikinusa mara ya kwanza nashukuru, na mara ya pili nahakikisha kwamba nimeshukuru kweli. Kila moja lilikuwa la haki kabisa. Mlango ulikuwa wazi na hakuna maji ya kuyazuia, nikayaacha yakae.

Akaongea. Akaniambia mikono bado inatetemeka asubuhi, na anaificha chini ya meza nisiione. Akaniambia kituoni walimfundisha kuhesabu siku tangu siku ya kutoka, lakini anaona haya kumtajia mtu, na ile sitini na moja nilikuwa mtu wa kwanza kutajiwa. Akaniambia mama alipofariki yeye hakulia kwa sababu mimi nilikuwa naongea na wageni muda wote, na akaogopa akianza kulia nitamshauri. Kengele ililia katikati ya sentensi. Nikanyoosha mkono nikaizima, na yeye akaendelea mpaka umeme uliporudi na taa za kioo zikatuwakia usoni.

Tukatazamana, mimi machozi yamefika shingoni.

"Haya, sema sasa," akaniambia. "Muda umeisha."

Mafunzoni walitufundisha kumalizia kwa kumshukuru mtu kwa kutuamini. Nikajaribu kuikumbuka ile sentensi ilivyokuwa, ikanipotea. "Nimesikia," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akavaa kofia ya kuchomelea, akaishusha usoni, akaziba ule ufa. Ilipoisha kazi alichukua fomu na kalamu, akaijaza akiwa amenipa mgongo, akaikunja mara nne. Kuhusu Jumamosi hakusema kitu. Nami sikuuliza, na Mungu ndiye shahidi wa gharama yake.

Ijumaa mwezeshaji alizifungua fomu mbele yetu. Ya kinyozi ilijazwa na mkewe, ambaye aliweka alama kwenye Hapana na kwenye maoni akaandika, "Alilala." Hata hivyo alipewa cheti, kwa sababu mama wa duka la dawa alisimama kumtetea kwa machozi. Yangu ilikuwa na alama kwenye Ndiyo. Mwezeshaji akasoma maoni kwa ile sauti yake ndogo: "Hakusema neno. Ila macho yake hayakunyamaza hata kidogo." Ukumbi ukacheka na mimi nikacheka nao. Nikachukua cheti changu, nikakitundika juu ya kioo, sentimita tano juu zaidi ya kilipotundikwa cha kinyozi.

Jumamosi niliamka nikakuta chumba cha nyuma kiko wazi na begi halipo.

Nilikaa kitandani pake. Shuka ilikuwa imekunjwa vizuri, jambo ambalo lilinitisha kuliko kama ingekuwa imetupwa. Nilishika simu nikaandika ujumbe mrefu, nikaufuta. Nikaandika mfupi, nikaufuta. Saluni nilisuka kichwa kimoja tu, tena upande mmoja mistari minane na upande mwingine kumi. Mteja akanipa pole ya jino, nikaipokea. Saa kumi nikafunga, nikarudi nyumbani, nikachemsha chai ya watu wawili, kwa mazoea tu, nikajiambia. Sukari nikapunguza.

Saa kumi na moja kasoro geti likalia.

Aliingia ameinama upande mmoja kwa uzito wa begi. Alilitua uani likapiga kishindo cha chuma, akafungua zipu akiwa anahema. Ndani kulikuwa na nyundo zake, koleo, glavu za ngozi, na ile kofia yake ya zamani aliyoiacha kwa yule jamaa miaka miwili iliyopita, siku alipokosa hata pa kulala.

"Nimekwenda kuchukua vyombo vyangu," akasema. "Hivi nilivyonavyo ni vya kuazima. Sikuona sababu viendelee kukaa kule."

Nikaenda kusimama mlangoni. Wallahi sikukusudia, miguu ina mazoea yake. Naye akaja mpaka mbele yangu, akasimama, akainua kidevu na kufungua kinywa, tayari kupumua, kama mtoto kwa daktari wa meno. Siku sitini na tatu. Nilikuwa karibu naye kiasi kwamba ningetaka ningejua.

Nikavuta pumzi kwa upande, kuelekea jikoni, nikampisha.

Hakuingia. Alibaki pale pale na kinywa wazi, ananitazama, hajui afanye nini.

"Funga mdomo, nzi wataingia," nikamwambia. "Chai ipo mezani."